Nyoka wa Mama Katika Kopo la Chai

Mama alipoitwa na Mungu aliacha vitu vichache. Kulikuwa na ng'ombe, ambao ndugu zangu waligawana bila ugomvi, na kitabu cha nyimbo kilichopoteza jalada, na kopo la majani chai ambalo sikuwahi kuona likitiwa chai. Kopo lilikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye binti wa kwanza. Ndani yake, juu ya kipande cha flana, kulikuwa na pini tatu za kuvaa kifuani, zile wanawake wa zamani walizobania kwenye kola: nyuki, bundi na nyoka. Si dhahabu. Ni madini ya bei rahisi yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na pale rangi ilipotoka pameingia weusi. Nyuki amepoteza bawa. Bundi ana macho makubwa ya kioo cha manjano. Nyoka amejikunja duara akauma mkia wake mwenyewe, na jicho lake ni kioo chekundu, kidogo kama punje ya wimbi.

Huyo nyoka ndiye aliyekaribia kutuvunjia harusi.

Mjukuu wangu nimemlea mimi, kwa kuwa mama yake alienda kufanya kazi mbali. Alipofika umri wa kuolewa alichumbiwa na kijana wa Kapsoit. Watu wa kijana ni wa upande wa ziwa. Baba yake alikuja zamani kufanya kazi kiwandani, akazikwa huku huku. Mama yake ni fundi wa kushona, ana cherehani kwenye veranda ya duka pale Kapsoit. Ni mwanamke wa maombi, na sauti yake hufika kabla yeye hajafika. Alisema gauni la harusi atalishona yeye, iwe zawadi yake kwa mkaza mwanawe. Tulishukuru, maana mkono wake unajulikana.

Siku ya kupima nilimsindikiza mjukuu. Fundi alikuwa na pini za kushonea mdomoni, anazunguka, anabana kitambaa hapa na pale, na mjukuu amesimama kama mti. Mjukuu, ambaye huniita gogo, yaani nyanya kwa Kipsigis, akasema, "Mama, hapa kifuani usiweke maua. Hapa nitavaa pini ya gogo mkubwa, mama yake gogo." Akafungua kiganja.

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja. "Hii ni nini?"

"Ni nyoka, Mama."

"Naona ni nyoka. Nauliza anatafuta nini kwa harusi ya mtoto wangu."

Mjukuu alicheka. Alicheka peke yake.

"Mkwe," fundi akanigeukia mimi, "mimi nilipookoka nilitoa hereni, nikatoa shanga nilizovalishwa na nyanya yangu, nikatupa zote kwa moto mbele ya watu. Leo nishone gauni jeupe, halafu nimwekee Ibilisi kiti hapa kifuani?"

"Mama, ni pambo tu," mjukuu akasema.

"Kama ni pambo tu, kuliacha si kazi."

Binti akamgeuza nyoka kiganjani. Niliona ameshikwa na maneno yake mwenyewe. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Si pambo tu."

"Umesikia, mkwe? Amesema mwenyewe." Fundi akakunja kitambaa, akakiweka juu ya rafu. "Cherehani yangu haishoni hii nguo mpaka hiyo kitu itoke."

Tulirudi kwetu Silibwet. Jioni mjukuu alisema atanunua gauni lililoshonwa tayari, mjini yamejaa. Alilisema kwa urahisi, kama mtu anayesema atanunua chumvi. Lakini mimi nilijua maana yake. Bibi harusi akiingia kanisani na gauni la duka, ilhali mama mkwe wake ni fundi, hakuna mtu Kapsoit atakayeuliza kulitokea nini. Wote watakuwa wameshajua. Wanawake wale wawili hawatakunywa chai ya birika moja mpaka mmoja amzike mwenzake.

"Gogo," akaniambia, "wewe ni mzee wa kanisa. Ukisema ni dhambi, nitaiacha leo."

Nilimwambia nitaomba kwanza. Ukweli ni kwamba nilichukua lile kopo, nikakaa kwenye benchi nje, mahali ninapoona chai yetu ikishuka mpaka mtoni, nikamkumbuka Mama.

Mama alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika nyumba ya meneja wa shamba la chai, upande wa Kericho, siku ambazo mameneja wote walikuwa Wazungu. Tuliishi kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Baba alikufa kwa homa ya mapafu msimu wa mvua ya mawe, na kabla majani ya chai yaliyopigwa hayajachipuka vizuri, meneja naye akaugua akafa. Wajane wawili wakabaki katika nyumba moja, mmoja akivaa nguo na mwingine akizipiga pasi. Mama alisema hawakuzungumza sana. Memsabu, ndivyo walivyomwita mke wa meneja, alikuwa na Kiswahili cha jikoni, na Mama hakuwa na Kiingereza. Lakini kuna siku Mama alimkuta amekaa kitandani ameshika shati la marehemu, naye akaweka pasi chini akakaa kando yake.

Memsabu alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao Ulaya, aliwaita wafanyakazi wa nyumba kwenye veranda ya jikoni, wao na wake zao, akagawa pini zake. Kila moja alikuwa ameichagua kwa maana ya kwao. Mama alipewa mbili, nyuki na mbayuwayu. Nyuki ni wa mtu mwenye bidii, memsabu alisema. Kwetu sisi kila ukoo una mnyama wake, na nyuki ndiye mnyama wa ukoo wa Baba. Mpaka anakufa, Mama aliamini kwamba memsabu alilijua hilo.

Mke wa mpishi, mama wa kutoka upande wa ziwa, alipewa bundi. Alifungua karatasi, akapiga yowe mpaka mbwa wa memsabu wakaanza kubweka. Kwao bundi akilia juu ya paa watu huanza kuhesabiana nani yuko mgonjwa.

"Mume wangu amekupikia mpaka mikono imeungua," alimwambia memsabu, "leo unatuma bundi aje kumchukua?"

"Bundi mzuri!" memsabu alilia, uso umekuwa mwekundu. "Bundi hekima! Bundi kusoma mingi! Hapana kufa!"

"Basi mwache asome hapa kwako!"

Mama ndiye aliyetuliza mambo. Aliokota bundi chini, akampa yule mama mbayuwayu wake. Kwa memsabu, mbayuwayu ni ndege wa mtu anayesafiri mbali, ili njia imrudishe nyumbani. Mke wa mpishi alipoelezwa alinyamaza, akafuta macho, akambania ndege kwenye leso yake. Tangu hapo, kila likizo walipopanda gari kwenda kwao, alikuwa na ndege yule kifuani. Mama alikaa na bundi. Nilipofaulu kuingia shule ya bweni alimbania ndani ya sweta langu, akasema, "Wazungu wanasema huyu anajua kusoma. Tutaona."

Watu walipoondoka pale verandani, memsabu alimzuia Mama. Akatoa pini iliyokuwa kwenye kola yake mwenyewe. Mama aliigiza maneno yale mara nyingi, hata uzeeni, kwa sauti nyembamba ya memsabu: "Bwana yangu nipa mimi hii. Nyoka hapana mbaya. Angalia. Wapi mwanzo? Wapi mwisho? Hapana iko. Mapenzi hapana kwisha." Akamwekea mkononi, akamfunga vidole.

Siku hizi mjukuu wangu ametafuta kwenye simu, akakuta kweli ni jambo la kale huko kwao. Anasema hata malkia mmoja wao alichumbiwa kwa pete ya nyoka. Mama hakuhitaji simu. Alipomwona nyoka aliyeuma mkia hakuona nyoka. Aliona segutiet.

Segutiet ni nyasi. Zinaota kandokando ya njia, laini, zisizokatika upesi. Katika ndoa ya Kipsigis bwana husokota nyasi hizo akamfunga bibi mkononi, na bibi akamfunga bwana, bangili ya majani isiyo na mwanzo wala mwisho, na hapo wameoana. Lakini Mama aliolewa siku ambazo wahubiri wa kwanza walikataza mambo hayo yote. Ndewe za masikio yake, zilizokuwa zimetobolewa na kuvutwa kama za wasichana wa rika lake, zilikatwa na kushonwa ili aweze kubatizwa. Nilipokuwa mdogo nilipenda kupitisha kidole kwenye yale makovu. Segutiet hakufungwa. Hakumlaumu mtu, alisema waliomletea Injili walimletea kitu kikubwa kuliko walichochukua, nami naamini hivyo. Ila kuna siku alisema, akichambua maharagwe, kwamba aliingia kwenye ndoa na mikono mitupu. Basi pini ile ikawa segutiet yake, iliyofika wakati bwana ameshaondoka.

Tulihamia Silibwet, kwenye shamba la Baba, na kanisani Mama aliivaa ndani. Alibania upande wa ndani wa sweta, kushoto, mahali ambapo wazee wa kanisa hawangeiona. Sisi watoto tulijua iko pale kwa sababu wimbo ukimgusa mkono wake ulienda hapo.

Siku moja nyanya yetu, mama yake Mama, alikuja kutoka upande wa Mulot na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Yeye hakubatizwa mpaka uzeeni sana, na masikio yake yalikuwa bado marefu, yanagusa mabega. Aliingia chumbani kuweka mzigo, tukamwona anatoka kinyumenyume.

"Watoto," alisema polepole, "tokeni bila kukimbia. Kuna mgeni."

Mama alikuwa ameacha sweta kitandani, limegeuzwa ndani nje, pini ya nyoka ikionekana. Na wazee wa zamani walikuwa na imani kwamba nyoka akiingia nyumbani akajikunja karibu na kitanda cha mama, hauawi. Ni mtu wa ukoo aliyetangulia, amekuja kuwaangalia watoto. Anamwagiwa maziwa sakafuni, anywe, aende kwa amani. Nyanya alichukua kibuyu, akarudi ndani, na tukasikia anaongea kwa heshima, akimuuliza mgeni habari za huko alikotoka.

Mama alipofika kutoka mtoni alikuta dimbwi jeupe mbele ya kitanda.

"Mama! Hicho ni chuma!"

"Chuma gani? Maziwa yako wapi?"

Sakafu yetu ilikuwa ya udongo. Maziwa yalikuwa yanazama tukiangalia.

"Amekunywa," nyanya akasema. "Ama ni wewe umekunywa?"

Mama alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, hapo hapo kwenye maziwa, na nyanya naye akaanza kucheka ingawa hakujua anacheka nini. Nilikuwa sijamsikia Mama akicheka tangu tumzike Baba. Ndiyo maana, nikisikia mtu akisema pini ile ina shetani, najikuta naisikia ile sauti kwanza.

Nilipoinuka pale benchini nilimtumia fundi ujumbe, nikamwomba aje tunywe chai. Alikuja siku ya pili yake, mvua ya mchana ikimfuata mgongoni, na kitambaa cha gauni kwenye mfuko wa plastiki chini ya koti. Nilipoona amekuja nacho nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa kuwa mtu aliyekata shauri huacha kitambaa nyumbani.

Tulikaa jikoni. Nikamimina chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa Maandiko, kama nilivyozoea darasani kwa watoto wa Jumapili. Nikamkumbusha kwamba jangwani watu wa Mungu waliumwa na nyoka, na Mungu mwenyewe akaagiza wamwinue nyoka wa shaba, waliomtazama wakapona.

"Na baadaye akaja mfalme mcha Mungu akamvunja vipande vipande," fundi akasema, "kwa sababu watu walianza kumfukizia uvumba. Mimi pia nasoma, mkwe."

Alikuwa amesema kweli, na nilicheka kwa vile alivyonipiga upesi. Yeye naye akacheka kidogo, akavuta sukari.

Basi nikaacha mahubiri, nikamweleza habari za Mama. Nilimweleza kama nilivyoandika hapa: memsabu na shati, bundi na mke wa mpishi, ndewe zilizoshonwa, mikono mitupu. Kwenye bundi aligonga meza. "Mzungu anampa mtu wa kwetu bundi! Huyo mama angekuwa mimi, ningerudi kwetu siku hiyo hiyo kwa miguu." Kwenye maziwa alisema nyanya yake pia alikuwa na mambo ya nyoka, chatu akija bomani kwao watu walifurahi, wakajua mvua na chakula vinakuja. Halafu akaweka kikombe chini. Nilidhani anatafuta hoja nyingine.

"Siku ile nilichoma vitu," alisema, "kulikuwa na hereni. Si za nyanya. Ni mume wangu alininunulia, siku ya kwanza alipokea mshahara tukaenda Kericho pamoja. Vijani, umbo la jani. Alisema ni jani la chai. Sijui kama lilikuwa la chai, wale wanaochonga vitu huko watajua chai aje? Nilizitupa na zile zingine. Sikumwambia. Alirudi kutoka kiwandani, akaangalia masikio yangu, akaosha mikono, akala."

Mvua ilikuwa imeshika paa. Nilisogea nimsikie.

"Sijutii wokovu, mkwe. Usiende kusema hivyo."

"Siwezi."

"Lakini zile hereni hazikuwa zimemkosea mtu." Alikuwa ameshika sikio lake, pale penye tundu lililozibika. Nami niliona makovu ya Mama. Nikamjazia kikombe. Kuna saa mzee wa kanisa hufanya kazi yake vizuri zaidi akinyamaza.

Mvua ilipopungua aliniuliza, "Hizo nyasi ziko wapi?"

Nilimpeleka ukingoni mwa njia, chini ya safu ya mwisho ya chai. Nilichuma chache, nikazisokota jinsi nilivyoona wanawake wakifanya, kwa kuwa siku hizi makanisa yetu mengi yameona hazina ubaya na vijana wanafungana segutiet kabla ya pete. Nilimzungushia mkononi, si kwa kumfunga, kwa kumwonyesha. Nyoka nilikuwa nimemtia mfukoni; akamtoa mwenyewe, akamweka kando ya bangili ile ya majani. Alitazama sana, akisogeza na kurudisha, kama anapolinganisha uzi na kitambaa.

"Ni kitu kimoja," alisema. "Huyu alikosa nyasi tu, akatumia nyoka."

"Ndivyo Mama alivyosema."

"Kikundi changu cha maombi watauliza," alisema tulipokaribia mlango wa jikoni.

"Watauliza," nikakubali. "Tunaweza kumbania ndani, kama Mama alivyovaa."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. "Gogo, hapana," alisema. "Gogo mkubwa alificha kwa sababu alikatazwa. Mimi ninaolewa mbele ya watu. Nikificha, nitakuwa nasema alikuwa na aibu."

Nilimwangalia fundi. Nilitegemea ghadhabu. Alikuwa anajaribu pini ya nyuma ya nyoka kwa ukucha.

"Hii haishiki," alisema. "Imelegea. Atainama kusaini na nyoka ataanguka mbele ya mchungaji, na hapo ndipo mtajua fujo ni nini." Akampita binti mlangoni akaingia jikoni. "Leta uzi mweupe. Nitaishona kwa mkono. Na wakiuliza, waniulize mimi."

Lakini kwanza alitaka tuombe. Niliomba kwa ufupi. Yeye aliomba mpaka chai ikapoa, akakemea kila kitu kilicho kati ya Silibwet na ziwa, kisha akasema amina, akavaa miwani, akatia uzi kwenye sindano.

Harusi ilikuwa njema. Asubuhi walifungana segutiet nyumbani kwetu, wakaenda kanisani zikiwa bado mbichi mikononi. Nyoka alikaa kifuani pa mjukuu wangu, jicho lake likiwaka kila alipogeuka kwenye dirisha. Nilisikia minong'ono upande wa wageni wa Kapsoit. Baada ya ibada, tukiwa tumejipanga kwa picha, mama mmoja wa kikundi cha maombi alimsogelea fundi.

"Dada, nani alimwekea bibi harusi nyoka?"

"Mimi," fundi alisema, na ua mzima ukasikia. "Uzi ni wangu. Njoo nikuonyeshe nilivyofunga fundo."

Yule mama hakwenda kuona fundo.

Fundi alimshona nyoka vizuri kupita kiasi. Mjukuu anasema kumtoa kunahitaji wembe, na hataki kuharibu gauni, kwa hiyo nyoka amebaki hapo, ndani ya sanduku lao kule Kapsoit. Sina neno. Kopo liko kwangu bado, na nyuki na bundi wake. Kwenye flana, pale nyoka alipolala miaka yote hiyo, kutu imechora duara. Juzi nililifungua kupanga vitu, na fundi alikuwa amenitembelea. Alipitisha kidole juu ya lile duara, akalizunguka mpaka alipoanzia, kisha akaniuliza kama bado kuna chai kwenye birika.